Miaka minne ya kukodolewa macho Changsha

Nianze na lifti, maana kwenye lifti huna pa kukimbilia.

Ilikuwa wiki yangu ya pili China, nimetoka Tanzania kuja kusoma, Septemba 2016, mji unaitwa Changsha, makao makuu ya mkoa wa Hunan. Nimetoka kupimwa afya kwa ajili ya kile kibali cha ukaazi ambacho unatakiwa ukiombe ndani ya siku 30 tangu uingie nchini, nimechoka, rasta zangu nimezibana juu, nikaingia kwenye lifti ya jengo moja karibu na chuo. Ndani yupo mama na katoto ka kama miaka mitatu. Katoto kakaanza kunikagua kuanzia kwenye raba, kakapanda taratibu, magoti, mkoba, shingo, kalipofika usoni kakaachia kilio, na sio kile cha kudeka, kile cha kuona kitu. Mama yake akacheka ile ya aibu, akamwambia neno ambalo sikulielewa, mi nikatabasamu nikidhani nasaidia, ndo kakazidisha. Kutoka ghorofa ya kwanza mpaka ya kumi na moja. Nyuma kuna wababa wawili wanajifanya wanaangalia namba za lifti zinavyobadilika, ila kwenye kioo nawaona kabisa wanachoangalia ni mimi.

Neno alilosema yule mama nilikuja kulielewa kama mwaka mmoja baadaye, nitalirudia.

Watu wakijua nimeishi kule swali la kwanza ni moja tu, eti Wachina wabaguzi? Na wanataka jibu la neno moja. Mi kila nikianza kujibu naona mtu ameshachoka, maana jibu langu ni refu na lina lifti na metro na supu ndani yake.

Tuanze na kuitwa. Ukitembea mtaani utasikia "laowai". Wai ni nje, na lao ukiichukua peke yake ni uzee, ila hapo ni kama vile sisi tunavyosema "mzee baba", hamna uzee wowote. Ni mgeni tu, mtu wa nje. Mzungu naye ni laowai. Mimi nilikuwa na la ziada, "heiren", mtu mweusi, na mara nyingi halikuwa tusi, mtu anamwambia tu mwenzake nani anapita, kama vile unavyosema tazama basi lile. Kilichokuwa kinanichosha ni kwamba wanasema kwa sauti, mbele yako, umbali wa mita moja, kwa uhakika wote kwamba husikii. Halafu siku moja nikakumbuka, mwee, si ndo sisi hawa? Nimekua tunakimbiza watu tunaimba "mzungu mzungu", na yeyote mwenye macho membamba tulimuita Mchina hata angekuwa Mkorea, tena na yale makelele ya kuigiza lugha yao, na hakuna mtu mzima aliyewahi kutukemea, walikuwa wanacheka. Yule binti tuliyekuwa tunamfuata na yale makelele sijui alikuwa anafikiria nini. Changsha nilimfikiria sana.

Na hapa hapa nimwambie anayejiandaa kwenda: kuna neno utalisikia siku ya kwanza na damu itakuchemka. Linasikika kama "nega nega". Ni "neige", maana yake "ile", na wanalitumia wakiwa wanatafuta neno, kama sisi na "nanii". Mi nilimgeukia dada wa benki kwa macho makali, masikini alikuwa anatafuta jina la fomu. Mwaka 2020 kuna profesa huko Marekani alilitolea mfano darasani akajikuta matatani, kwa hiyo sio mimi peke yangu.

Sasa picha. Changsha katikati ya mto Xiangjiang kuna kisiwa kirefu kinaitwa Juzizhou, mwishoni kuna sanamu ya Mao akiwa kijana, kichwa na mabega tu lakini urefu wake mita 32, nywele zinapepea kama mwanamuziki. Ilijengwa ikakamilika 2009 na watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kuiona. Nilienda na rafiki yangu mmoja Mzambia likizo ya Oktoba, ile ya sikukuu ya taifa lao, yaani watu ni wengi mpaka unatembea kwa hatua za kuku. Akaja mama mmoja na simu, ananionyesha kwa ishara tupige wote, nikasema sawa. Kosa. Akaja mwingine na mtoto, akaja babu, wakaja wanafunzi sita wenye kofia zinazofanana, baadaye nikaona kuna foleni, foleni kabisa, watu wamempa Mao mgongo, mita 32 zote zile, wananisubiri mimi mwenye futi tano na inchi tatu. Rafiki yangu akaniambia kwa Kiingereza tutoze yuan 10 kila picha, tulicheka lakini baadaye kwenye basi tulikuwa kimya wote wawili. Wale watu walikuwa wazuri, hakuna hata mmoja aliyenisukuma, walisema asante. Ila hamna hata mmoja aliyeniuliza jina.

Mnajua ile habari ya twiga wa Malindi? Mwaka 1415, enzi za zile safari za meli za Zheng He, amiri wa China, ujumbe wa Malindi ulipeleka twiga kwa mfalme Yongle, na wale watu hawajazoea mnyama wa namna hiyo wakamfananisha na qilin, mnyama wa baraka kwenye hadithi zao, akashangiliwa. Mi nikiwa pale Juzizhou nilimkumbuka yule twiga. Alipokelewa vizuri sana, hilo hakuna anayebisha. Ila nani aliwahi kumuuliza kama kunywa maji ya kule kumemkubali.

Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu, mtu akiomba picha kwa adabu naitika, na mimi natoa simu yangu nampiga yeye. Mtu akipiga kwa kuiba, ile ya kujifanya anasoma ujumbe huku kamera inakuangalia, nageuza simu yangu namwelekezea bila kusema kitu. Wengi wanashusha. Nina picha kama mia mbili za Wachina wanaoshtuka, siku nikizeeka nitazitazama.

Metro ni habari nyingine, na hii ndo iliniuma kuliko picha. Kuna kile kiti cha pembeni yako. Treni imejaa, watu wamesimama wamebanana, kiti kipo wazi, hakuna anayekaa. Mwanzo sikugundua, nilidhani ni adabu. Halafu unaanza kuhesabu, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, unajiambia labda anayeshuka karibu hana haja ya kukaa. Unajinusa kidogo kwa siri. Najua mtu atasema unajishtukia, na kweli kuna siku nilikuwa najishtukia, kuna siku mtu hakukaa kwa sababu tu amesimama na mchumba wake. Lakini ukikaa miaka minne unajua tofauti, yaani mwili wenyewe unajua. Na kuna siku bibi mmoja mwenye kapu la mboga aliingia, akaona kiti, akajitupa pale pwaa kama mtu aliyefika kwake, akanisogeza kwa nyonga ili kapu lipate nafasi, na majani ya kitunguu yakawa yananichoma mkono mpaka kituo cha Wuyi Square. Nilitamani kumkumbatia.

Lugha sasa. Wanaosema jifunze lugha mambo yatakuwa rahisi wanasema nusu. Mwaka wa pili Kichina kilianza kuingia, na kilichotokea ni kwamba ile sauti ya mtaani iliyokuwa kelele tu ikageuka maneno. Nikasikia mazuri: "ona meno yake", "ngozi laini hiyo", "zile nywele anaoshaje". Nikasikia mengine kwenye basi, wadada wawili wa umri wangu, wanajadili kama watu weusi wana harufu, kwa utulivu kabisa kama wanajadili bei ya nyanya, na mi nimeshika bomba lilelile walilolishika wao. Nilivyofika kituoni nikawaambia kwa Kichina samahani naomba kupita. Mmoja alibadilika rangi, mwingine akaniambia, naapa, "Kichina chako kizuri sana!"

Hicho Kichina chako kizuri sana utaambiwa mpaka uchoke. Ukisema "nihao" tu unasifiwa. Mwaka wa nne nasoma, naandika, nimewasilisha utafiti mbele ya jopo, naingia dukani nasema nihao, Kichina chako kizuri sana! Kila siku ni siku yako ya kwanza. Hilo ndo ambalo sijawahi kumuelezea mtu wa nyumbani akanielewa, watu wanadhani kinachouma ni kuchukiwa, na mi wanaonichukia nilikutana nao wachache sana, wanahesabika. Kinachochosha ni mshangao usioisha.

Afadhali na mimi nilikuwa na siri yangu. Watu wa Hunan Kichina chao sanifu wenyewe kinachekwa nchi nzima, wanakiita Kichina cha plastiki, wanachanganya n na l, h na f, hata jina la mkoa wao badala ya Hunan wengine wanatamka Fulan. Mimi nimejifunzia pale, kwa hiyo nimebeba vyote. Nilipoenda Beijing kwa wiki moja nikamwambia dereva natokea Fulan, alisimamisha gari pembeni ili acheke vizuri. Hiyo ndo mara ya kwanza nilichekwa kwa kitu nilichokifanya mimi.

Lile neno la kwenye lifti. Lilikuwa "ayi", mama mdogo, dada yake mama. Yule mama alikuwa anamwambia mwanawe "jiao ayi", muite mama mdogo, msalimie. Kule mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina, kila mtu ni bibi, babu, baba mdogo, mama mdogo, dada, kama kwetu kabisa, na siku mwalimu anatufundisha hayo maneno darasani ndo ile lifti ikanirudia kichwani, nikakaa kimya. Mwaka mzima nilikuwa nimembeba yule mama kama mtu aliyenicheka, kumbe alikuwa anamfundisha mwanawe kuniamkia, na mi nikasimama pale natabasamu kama sanamu sijamjibu mtoto wa watu. Sisemi wote walikuwa hivyo, wale wa harufu walisema harufu. Nasema tu kwamba sikuwa najua ni wangapi niliwaweka kundi lisilo lao.

Wazee nao wana yao. Nilipanda teksi 2018, dereva mtu wa makamo ya mwisho, kaniuliza natoka wapi, nikasema Tansangniya. Akapiga usukani kofi: "Tan-Zan tielu!" Reli ya TAZARA. Vijana wanajua Afrika kama nchi moja yenye simba na joto (na wanakuuliza kuhusu joto mwezi wa saba Changsha ikiwa nyuzi 38 na huyo anayeuliza fulana imelowa), ila wazee wanaijua Tanzania kwa jina, maana ile reli ya kilomita 1,860 ilijengwa na maelfu ya Wachina kati ya 1970 na 1975 na ilikuwa habari kubwa kwao. Mjomba wake alikuwepo, alirudi na malaria na kinyago kimoja. Akanisimulia kinyago kilivyo, masikio, midomo, kiko juu ya kabati kwa shangazi yake. Alinizungusha njia ndefu ili amalize hadithi na mwisho nauli alichukua yote, yuan 43, hata senti hakupunguza. Nilimpenda kwa hilo pia.

Ya kazi sitayakalia sana. Kwa visa ya mwanafunzi hufanyi kazi bila kibali, hilo lijulikane, ila nilipojaribu kufuata njia halali kwenye kituo kimoja cha kufundisha watoto Kiingereza, usaili wa simu ulienda vizuri mpaka wakaomba picha. Wakajibu kwa upole kwamba wazazi wanapendelea sura fulani. Aliyepata ni kaka mmoja kutoka Ulaya Mashariki ambaye Kiingereza chake mi ndo nilikuwa namsahihishia kazi za darasani. Kichekesho ni kwamba kwenye vipeperushi vya chuo, mwaka hadi mwaka, sisi Waafrika tuko mstari wa mbele, tunacheka meno yote nje.

Na hoteli. Mji mdogo, usiku saa tano, nimeshalipia kwenye simu, dada wa mapokezi anaona paspoti anasema hawapokei wageni wa nje. Mwanzo nilidhani ni rangi yangu, kumbe hata wazungu waliambiwa hivyo, hoteli nyingi ndogo hazikujua jinsi ya kumwandikisha mgeni kwenye mfumo wa polisi na zilikuwa zinaogopa. Serikali yao ilikuja kukemea hilo hadharani 2024. Mimi ile 2017 nililala kwenye kiti cha stesheni nimekumbatia begi.

Halafu 2020. Kipindi cha korona, nilifungiwa chuoni miezi, na mlivyoona Aprili ile habari za mji wa Guangzhou, Waafrika wanatolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, wanalala nje, mpaka mabalozi wa Afrika Beijing wakaandika barua kwa waziri wa mambo ya nje, mi nilikuwa Changsha, sikuguswa, na naomba nisijifanye niliguswa. Lakini simu yangu ilijaa sauti za watu ninaowajua wakilia. Na Changsha siku tulipofunguliwa geti, wote tumevaa barakoa, nchi nzima imefunika uso, nikadhani leo angalau tumefanana, nikapanda metro. Kile kiti. Na sasa sio kiti kimoja, viwili kila upande.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kula mifen. Mifen ni tambi za mchele kwenye supu, watu wa Changsha ndo kifungua kinywa chao, na kuna kibanda nyuma ya chuo nilikuwa nakula karibu kila asubuhi kwa miaka mitatu. Mwenye kibanda mama mmoja mfupi, mikono myekundu ya mvuke, hana maneno mengi. Hakuwahi kunisifia Kichina. Hakuwahi kuniomba picha. Mwaka wa kwanza aliniuliza pilipili nikasema kidogo, akanitazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo, Hunan kukataa pilipili ni aibu, akaweka kidogo, yaliisha. Siku nilipochelewesha foleni natafuta salio kwenye WeChat, ile app ya kulipia, alinifokea mimi na kijana wa Kichina nyuma yangu kwa pumzi moja.

Kibanda kilikuwa kimefungwa tangu Januari, kwa hiyo nilivyoona moshi nilikimbia. Kuna kijana mpya anapokea oda, mpwa wake kutoka kijijini nadhani, hajazoea. Akaniona, akasimama na kijiko hewani, akageuka ndani akapaza sauti, "Shangazi! Laowai! Kuna laowai hapa!"

Watu wote kwenye foleni wakageuka.

Yule mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sufuria. "Laowai gani," akasema, "huyo ni mayai mawili pilipili kidogo. Mwambie alipe asogee, anaziba njia."

Nikaskani, nikasogea.